Chati ya nasaba ya Chinggis Khan: watawala wamepewa mistari, mama zao wamepewa mabano

Chati za nasaba za wafalme zinauzwa kwa wingi, lakini ni chache zinazothubutu kuufuata ukoo wa Chinggis Khan, mwasisi wa dola ya Wamongolia, tangu karne ya 12 hadi mwaka 1635, pale mrithi wa mwisho wa kiti cha Wamongolia alipojisalimisha kwa Wamanchu. Hii ninayoipitia hapa inafanya hivyo kwenye karatasi moja yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 80, ikiambatana na kijitabu cha kurasa 48. Maandishi yake ni ya Kiingereza na Kimongolia. Mchapishaji ameinadi kuwa ni chati ya watawala na wanawake mashuhuri wa dola ya Wamongolia, nami nimeipima kwa ahadi hiyo hiyo. Niseme mapema kwamba kwa upande wa wanaume ni kazi safi. Kwa upande wa wanawake, kijitabu kimebeba mzigo ambao chati yenyewe imeukwepa. Na sehemu inayohusu kipindi cha baada ya mwaka 1368, ambayo machapisho mengi ya aina hii huiruka, ndiyo inayofanya fedha ya mnunuzi isipotee.

Tuanze na kitu chenyewe. Karatasi ni nzito, hairudishi mwanga wa taa machoni, na wino umekolea. Matawi ya wana wanne wa Börte, mke mkuu wa Chinggis, yamepewa rangi nne, yaani nyekundu kwa Jochi, njano kwa Chagatai, kijani kwa Ögedei na bluu kwa Tolui, na rangi hizo zinashuka mpaka chini bila kuchanganywa, kiasi kwamba mtu aliyesimama mbali kidogo na ukuta anaona jinsi kijani kinavyosinyaa baada ya katikati ya karne ya 13 huku bluu ikitanda China na Iran. Tatizo ni mkunjo. Toleo la bei nafuu hukunjwa ili liingie kwenye bahasha, na mkunjo mmoja umepita juu ya kizazi cha miaka ya 1250. Ukishaifungua na kuikunja mara kadhaa, wino unaanza kubanduka juu ya jina la Ariq Böke, ambaye kwa kweli alikwisha kupoteza vya kutosha alipomsalimu amri ndugu yake Kublai mwaka 1264.

Utaratibu wa mistari ni rahisi. Mstari mzima unaunganisha baba na mwana, na ndoa inaoneshwa kwa jina la mke lililoandikwa kwa herufi ndogo ndani ya mabano, pembeni mwa kisanduku cha mume. Kwa baadhi ya koo za kifalme utaratibu huo ungetosha. Kwa Wamongolia hautoshi hata kidogo, kwa sababu huko daraja la mama ndilo lililoamua daraja la mtoto. Khan alikuwa na wake wengi, na kila mke mkuu alikuwa na kambi yake, watumishi wake, mifugo yake na mapato yake. Chinggis mwenyewe alikuwa na kambi kuu nne, na ya kwanza ilikuwa ya Börte. Ndiyo maana wana wa Börte peke yao ndio waliogawiwa dola kwa mafungu makubwa. Sasa mtazame Kölgen, aliyeuawa vitani katika nchi ya Warusi wakati wa uvamizi wa Batu, mwana wa Jochi. Chati imemweka mstari mmoja na Jochi na wenzake, kisha ikamwacha bila rangi na bila maelezo. Msomaji asiyejua lolote atadhani wapiga chapa walisahau kutia wino. Sababu ni kwamba mama yake alikuwa Khulan na si Börte, na hilo lingeeleweka mara moja kama mistari ingetoka kwa akina mama.

Kizazi cha waasisi kimeelezwa vizuri zaidi kwenye kijitabu. Hö'elün, mama yake Temüjin (ndilo jina la kuzaliwa la Chinggis), aliporwa na Yesügei, baba wa Temüjin, akiwa njiani na mume wake wa kabila la Merkit. Yesügei alipouawa kwa sumu ya Watatari, ukoo ulimtelekeza mjane huyo, akawalea watoto kandokando ya mto Onon kwa matunda ya porini na mizizi aliyoichimba. Miaka kadhaa baadaye Wamerkit walilipa kisasi kwa kumteka Börte, mke kijana wa Temüjin, ambaye alikombolewa kwa msaada wa Toghrul, mtawala wa Wakereit, na Jamukha, rafiki wa kiapo wa Temüjin. Jochi alizaliwa muda mfupi baada ya hapo. Hapa chati imechukua uamuzi ninaouunga mkono, kwani imechora mstari mzima kutoka kwa Chinggis hadi kwa Jochi na kuiacha shaka kwenye maelezo ya chini. Baba alimkubali mtoto, na kisheria hilo lilitosha. Hata hivyo kijitabu kimefanya vyema kutoishia hapo, kikaeleza jinsi Chagatai alivyomtupia kaka yake aibu hiyo mbele ya baba yao walipokuwa wakijadili urithi kabla ya vita dhidi ya Khwarezm, dola ya Asia ya Kati, na jinsi ugomvi huo ulivyomwinua Ögedei, mwana wa tatu, kama mtu ambaye pande zote mbili zingeweza kumvumilia. Dola nzima ilipata mrithi wake kutokana na kutekwa kwa mwanamke mmoja, na chati inamwandika mwanamke huyo kwa herufi ambazo mtu mwenye macho mabovu atahitaji miwani kuzisoma.

Mabinti wa Chinggis wametendewa vibaya zaidi. Wote wamewekwa kwenye kisanduku kimoja cha kijivu chini ya jina la baba, majina yamepangwa kama orodha ya wageni, na hakuna mstari hata mmoja unaotoka hapo. Ndoa za mabinti hao hazikuwa mambo ya nyumbani. Alaqai Beki aliozwa kwa Waönggüd, waliokuwa kusini mwa jangwa la Gobi kwenye mlango wa kuingilia China, akasimamia nchi hiyo wakati baba yake akiwa vitani. Checheikhen alipelekwa kwa Waoirat wa misitu ya kaskazini-magharibi, na Al Altan alichumbiwa mtawala wa Wauighur. Mume wa binti wa khan aliitwa güregen, mkwe wa ukoo, na heshima hiyo ilikuwa na masharti: alitakiwa kuleta askari wake na kupigana pale baba mkwe alipotaka. Timur, aliyeishi zaidi ya karne moja baadaye, bado alijivunia cheo hicho baada ya kumwoa Saray Mulk Khanum, binti wa Qazan Khan wa ukoo wa Chagatai, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na damu ya Chinggis ya kumruhusu ajiite khan.

Kukata mistari ya mabinti kunamgharimu msomaji kitu kinachoonekana kwa macho. Kwenye tawi la njano, pembeni mwa Qara Hülegü, mjukuu wa Chagatai, yumo Orghina ndani ya mabano. Mumewe alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1250, Orghina ndiye aliyeitawala nchi ya Chagatai kwa niaba ya mwanawe mdogo, Mubarak Shah, hadi mwaka 1260 alipoondolewa katika vita vya Kublai na Ariq Böke. Alitoka wapi huyu? Alikuwa binti wa Checheikhen, yule aliyeozwa kwa Waoirat, maana yake alikuwa mjukuu wa Chinggis kwa upande wa mama. Chati ina majina yote mawili, la mama na la binti, kwa umbali usiozidi upana wa kiganja, na haikuyaunganisha.

Nimekaa muda mrefu zaidi mbele ya muongo wa 1241 hadi 1251, kwa sababu hapo ndipo bidhaa hii inapojaribiwa. Ögedei alifariki Desemba 1241. Mwanawe Güyük alitawazwa Agosti 1246 na kufariki 1248. Möngke, mwana wa Tolui, alichaguliwa 1251. Ukizipiga hesabu tarehe hizo, utaona kwamba kwa karibu miaka 8 katika hiyo 10 hapakuwa na khan mkuu aliyetawazwa, na dola kubwa kuliko zote za wakati huo iliendeshwa na wajane wawili, Töregene, mjane wa Ögedei, kisha Oghul Qaimish, mjane wa Güyük. Chati imeacha mahali hapo peupe. Peupe kabisa, bila kisanduku wala tarehe, kana kwamba watu walikaa kimya wakimsubiri mwanaume afuatae.

Töregene hakukaa kimya. Ögedei alikuwa amemkusudia mjukuu wake Shiremün awe mrithi; Töregene alimtaka mwanawe Güyük, akatumia zaidi ya miaka minne kuwashawishi wakuu wa ukoo, kugawa zawadi na kuliahirisha baraza kuu la kurultai hadi alipokuwa na hakika ya kura. Alipambana na mawaziri wakubwa wa marehemu mumewe, Chinqai na Mahmud Yalavach, ambao walilazimika kukimbilia hifadhi kwa mwanawe mwingine, Köten, na kodi za kaskazini mwa China akazikabidhi kwa Abd al-Rahman, mfanyabiashara aliyeahidi kukusanya zaidi. Mshauri wake wa karibu alikuwa Fatima, mateka aliyeletwa kutoka Iran ya mashariki. Mtawa Giovanni da Pian del Carpine, aliyetumwa na Papa, alishuhudia kutawazwa kwa Güyük mwaka 1246 na kuandika habari za Yaroslav, mkuu wa Warusi, aliyefariki siku chache baada ya kulishwa kwa mkono wa Töregene mwenyewe, jambo lililowafanya watu wengi wanong'one habari za sumu. Kijitabu kimeyapa mambo haya kurasa mbili nzuri. Nilipokuwa nikizisoma nilijiuliza jinsi mtu aliyeziandika alivyoweza kumruhusu mchora chati aache nafasi ile tupu.

Lakini kijitabu nacho kina jambo la kukosolewa. Kinaposimulia mwisho wa Fatima, aliyeteswa, akaviringwa kwenye mazulia ya sufi na kutupwa mtoni baada ya kushtakiwa kumloga Köten, na kinapofika kwa Oghul Qaimish, naye akauawa baada ya Möngke kushika madaraka, kinarudia tuhuma za uchawi kana kwamba ni taarifa ya hakimu asiye na upande. Habari hizo tumezipata zaidi kwa wanahistoria wawili wa Iran, Juvayni, aliyemtumikia Hülegü, na Rashid al-Din, aliyekuwa waziri wa wazao wa Hülegü. Na Hülegü alikuwa mwana wa Tolui, ndugu wa Möngke, aliyenufaika na kuanguka kwa nyumba ya Ögedei. Wanawake walioshindwa wameandikiwa wasifu na makarani wa walioshinda. Hata maneno makali ya Möngke kwamba Oghul Qaimish alikuwa duni kuliko mbwa tumeyapata kupitia kwa mtawa Willem van Rubruck, aliyeletewa maneno hayo na mshindi mwenyewe. Wakati wa utawala wake mjane huyo alikuwa amempokea mjumbe wa mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa, akazichukua zawadi zake kama kodi na kudai ziletwe kila mwaka. Unaweza kuuita ujeuri, lakini ndivyo khan wote wakuu walivyojibu barua za wafalme wa Ulaya, na hakuna aliyewaita wachawi kwa sababu hiyo. Sentensi mbili za tahadhari zingetosha kumwonya msomaji.

Sorghaghtani Beki, kwa sababu hiyo hiyo, amesifiwa na kila mwandishi, na safari hii sifa zina msingi. Alikuwa binti wa ndugu yake Toghrul wa Wakereit, Mkristo wa Kanisa la Mashariki, akaolewa na Tolui na kumzalia Möngke, Kublai, Hülegü na Ariq Böke. Tolui alipofariki mwaka 1232, Ögedei alitaka mjane huyo arithiwe na Güyük. Kurithi mjane ilikuwa desturi ya kawaida, na kukataa amri ya khan mkuu hakukuwa jambo jepesi, lakini alikataa kwa maneno laini, akisema kwamba kazi yake ni kuwalea wanawe. Kwa kukataa huko alizuia mali ya Tolui isimezwe na nyumba ya Ögedei. Mwaka 1236 alipewa eneo la Zhending kaskazini mwa China, na alielewa mapema kwamba mkulima anayeachiwa mashamba yake hulipa kodi mwaka baada ya mwaka, wakati mkulima aliyeporwa hulipa mara moja tu. Alitoa fedha za kujenga madrasa Bukhara ingawa hakuwa Mwislamu. Güyük alipoanza kuelekea magharibi na jeshi, Sorghaghtani ndiye aliyemtumia Batu taarifa ya siri ajihadhari, na deni hilo Batu alililipa mwaka 1251 kwa kumuunga mkono Möngke. Mama huyo aliishi hadi kuuona ushindi, akafariki mwanzoni mwa 1252.

Hapa kijitabu kina mchoro mdogo, ukurasa wa 19, ambao kwa maoni yangu una thamani kuliko nusu ya juu ya chati nzima. Unaonesha wanawake wa Wakereit waliosambazwa katika ukoo wa Chinggis baada ya Toghrul kushindwa: Ibaqa, aliyeolewa na Chinggis kisha akakabidhiwa kwa kamanda wake Jürchedei; Begtutmish, aliyepewa Jochi; na Sorghaghtani, aliyepewa Tolui. Hao wote ni ndugu wa baba mmoja, Jaqa Gambu. Pembeni yupo Doquz, mjukuu wa Toghrul, ambaye aliishia kuwa mke mkuu wa Hülegü, na ambaye Wakristo wa Baghdad walimshukuru kwa kuokolewa mwaka 1258 wakati mji ulipotekwa. Ukitazama mchoro ule unaelewa kwa nini nyumba ya Jochi na nyumba ya Tolui zilisikilizana wakati nyumba nyingine zilipogombana. Mchapishaji alikuwa nao mkononi, akauchapa kwa ukubwa wa stempu ya posta.

Kwa upande wa Kublai sina malalamiko mengi. Chabi, wa kabila la Onggirat kama Börte, amepewa picha ya rangi iliyonakiliwa kutoka kwenye albamu ya picha za wafalme wa Yuan, nasaba ya Kublai iliyotawala China, inayotunzwa katika Jumba la Makumbusho la Kitaifa la Kasri, Taipei. Nakala imetoka vizuri. Lulu zilizopangwa kwenye boqta, ile kofia ndefu ya mabibi wa Kimongolia walioolewa, zinahesabika moja moja. Maandishi yanaeleza kilicho muhimu, yaani jinsi alivyomtumia habari mumewe aliyekuwa vitani kusini mwa China baada ya Möngke kufariki mwaka 1259, kwamba watu wa Ariq Böke walikuwa wakikusanya askari, na jinsi alivyoitetea familia ya kifalme ya Song, watawala wa kusini mwa China, ilipoletwa kama mateka baada ya kutekwa kwa Hangzhou mwaka 1276.

Ukurasa unaofuata umepewa Khutulun, binti wa Kaidu, mjukuu wa Ögedei, na hapa mchapishaji ameshindwa kujizuia. Picha ya kuchora ya mwanamke anayepiga mieleka imekula nusu ukurasa, na simulizi la Marco Polo kuhusu wachumba walioshindwa naye mieleka na kupoteza farasi wao hadi wakafika 10,000 limenukuliwa kama hesabu ya mhasibu. Kwamba alifuatana na baba yake vitani, Rashid al-Din naye anathibitisha. Hizo idadi za farasi ni chumvi ya msimulizi, na bibi huyo hahitaji chumvi hiyo ili akumbukwe. Afadhali nafasi ile ingepewa Töregene.

Tawi la Iran ni fupi na limefanywa kwa uangalifu. Abu Sa'id alipofariki mwaka 1335 bila mwana, dada yake Sati Beg aliwekwa kitini mwaka 1338 na kutawala hadi 1339, na sarafu zilitolewa kwa jina lake. Chati imempa kisanduku kamili, chenye rangi na tarehe, sawa na wanaume. Kwa nini yeye na si Töregene, nadhani ni kwa sababu ya sarafu hizo. Lakini mtu aliyeongoza dola yote kwa zaidi ya miaka minne amekosa alichopewa aliyetawala kipande cha Iran kwa chini ya miaka miwili. Tawi la Jochi limepitiwa haraka, ingawa Taydula, mke mkuu wa Öz Beg, khan wa tawi hilo, amepata aya moja inayotokana na maelezo ya Ibn Battuta, msafiri yule yule ambaye muda si mrefu kabla yake alikuwa Kilwa, na ambaye alishangazwa na heshima waliyopewa wanawake katika nchi ile.

Sasa sehemu ya chini, ambayo ndiyo iliyonifanya niiweke chati hii ukutani badala ya kuirudisha. Machapisho mengi hukomea mwaka 1368, pale Toghon Temür alipoukimbia mji mkuu wa Dadu mbele ya majeshi ya Ming, nasaba mpya ya Kichina. Hii inaendelea. Inamwonesha Ayushiridara, mwana aliyezaliwa na malkia Ki kutoka Korea; inaonesha kuuawa kwa Toghus Temür mwaka 1388 kwa mkono wa Yesüder wa uzao wa Ariq Böke; kisha inaingia bila woga katika karne ya 15, wakati makhan walipokuwa wakiinuliwa na kuangushwa na wakuu wa Waoirat. Esen, aliyemteka mfalme wa Ming katika mapigano ya Tumu mwaka 1449, alifikia hatua ya kujitangaza khan mwaka 1453 bila kuwa mzao wa Chinggis kwa upande wa baba, na ukoo wenyewe ulikaribia kufutika.

Kilichouokoa, kwa mujibu wa maandiko ya historia ya Kimongolia ya karne ya 17, ni wanawake wawili, na kwa mara ya kwanza chati imewachora wanavyostahili. Wa kwanza ni Samur, binti wa Elbeg Khan aliyeozwa kwa Waoirat. Binti wa Esen alipojifungua mtoto kwa mume wa ukoo wa Chinggis, Esen aliamuru kichanga kiuawe kikiwa cha kiume. Samur, ambaye ndiye bibi mzaa baba wa Esen, alimficha mtoto na kumkemea mjukuu wake hadi mtoto akatoroshwa. Mtoto huyo, Bayan Möngke, ndiye baba wa Batmönkh. Wa pili ni Mandukhai. Manduul Khan alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1470 bila mrithi wa kiume, mjane wake alichumbiwa na Unebolod, mtu mzima mwenye nguvu wa uzao wa Khasar, ndugu wa Chinggis. Mandukhai alikataa. Akamtafuta Batmönkh, yatima wa miaka saba hivi, akaenda naye hadi kwenye madhabahu ya Eshi Khatun, ambaye wanahistoria humhusisha na Sorghaghtani, akala kiapo hapo na kumtangaza kuwa Dayan Khan. Aliongoza jeshi dhidi ya Waoirat huku khan wake mdogo akibebwa ndani ya sanduku, akamwoa alipokua, na kumzalia wana saba ambao wazao wao walizitawala sehemu kubwa za Mongolia hadi zama za Qing, nasaba ya Wamanchu.

Mchora chati ameweka mstari mnene wa dhahabu kutoka kwa Samur hadi kwa Batmönkh, na mwingine kutoka kwa Mandukhai hadi kwa wana wake saba. Ni mistari miwili tu ya aina hiyo kwenye karatasi nzima, na inaonesha kwamba alijua namna ya kuifanya kazi. Nimependa pia kwamba mwaka wa kifo cha Dayan Khan umeachwa na tarehe mbili, 1517 na 1543, kwa kuwa vyanzo vinapingana na hakuna sababu ya kumdanganya mnunuzi kwa tarehe moja.

Uangalifu huo unapungua tena kwa Altan Khan, mjukuu wa Dayan, aliyefanya amani na Ming mwaka 1571 na kumpa Sonam Gyatso, kiongozi wa Ubuddha wa Tibet, cheo cha Dalai Lama mwaka 1578. Mkewe Noyanchu ndiye aliyeilinda amani hiyo baada ya Altan kufariki mwaka 1582, kwa kuolewa na warithi wake mmoja baada ya mwingine kwa desturi ile ile ya kurithi mjane. Serikali ya Ming ilimtunukia cheo cha heshima mwaka 1587. Jina lake limo kwenye mabano pembeni mwa kila mume, bila alama yoyote ya kuonesha kwamba ni mtu yule yule, na kwa tahajia mbili tofauti. Msomaji mgeni atahesabu wanawake kadhaa. Nimechukua kalamu nyekundu nikawaunganisha, na kwa kuwa karatasi haina mng'ao, wino umeshika vizuri.

Chini kabisa yupo Ligdan Khan, aliyefariki mwaka 1634, na mwanawe Ejei, aliyejisalimisha kwa Wamanchu mwaka uliofuata pamoja na mama yake. Chati haikumtaja Bumbutai wa Khorchin, mama wa mfalme Shunzhi wa Qing na bibi wa mfalme Kangxi, kwa hoja kwamba alitoka kwenye uzao wa Khasar na si wa Chinggis. Hoja hiyo naikubali, ingawa kwa bidhaa inayojinadi kwa majina ya wanawake mashuhuri, kumkosa yeye ni hasara.

Anayetaka chati kwa ajili ya darasa la historia ya Asia anunue toleo lisilokunjwa, linalotumwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kizazi cha miaka ya 1250 kitabaki kinasomeka. Anayetaka kuwafahamu wanawake peke yao na hana nafasi ukutani anaweza kuagiza kijitabu bila chati, kwani kinauzwa pia peke yake, na aanze na ukurasa wa 19 akiwa na lenzi ya kukuzia. Nafasi ile tupu ya kati ya Ögedei na Möngke ina upana wa kutosha majina mawili na tarehe zake, na nimekwisha kuyaandika ya kwangu.